Muulize Mwalimu: Dagaa juu ya alama ya Fizikia

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, kapata daraja la pili, pointi 19. Mimi na mama yake tulishapanga asome PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) awe daktari, chuo cha Bugando kile pale kilimani, hata nauli haitatusumbua. Juzi ndiyo nagundua kwamba kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, alijaza CBG chaguo la kwanza na hakuniambia. Ukimuuliza, anasema anataka kusoma mambo ya samaki. Mwalimu, miaka kumi na minane naamka saa tisa usiku kwa ajili ya samaki ili yeye asije akawagusa. Nasikia dirisha la kubadili kombi, yaani mchanganyiko wa masomo, limefunguliwa. Nimbadilishie? Picha ya matokeo nimeambatanisha.*
*Baba wa watoto wanne, Kirumba*

Marahaba, baba. Hiyo picha umeipiga karatasi ikiwa juu ya mzani, na dagaa mmoja mkavu kalala sawasawa juu ya alama ya Fizikia. Kiswahili B naiona, Jiografia B naiona. Biolojia, Kemia, Kiingereza, Historia na Uraia ni C tupu. Hisabati D. Fizikia ni dagaa. Nikakuomba upige tena, nikijisemea moyoni kwamba huyu mzazi kaficha au kapitiwa. Picha ya pili ikaja bila dagaa: Fizikia D.

Basi jibu la barua yako lilikuwa chini ya yule dagaa.

Wazazi wengi mnasoma daraja, hamsomi karatasi. Pointi 19 ni matokeo mazuri, nampongeza binti, lakini pointi hizo zimetoka kwenye masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Kati ya hayo saba Fizikia haimo. Yaani daraja unalojivunia pale mwaloni limejengwa bila somo ambalo wewe unataka akalisome miaka miwili mchana na usiku.

Hebu tuziangalie namba. D ya kidato cha nne ni alama 30 mpaka 44. Kidato cha sita, ukipata 35 mpaka 39 unapewa S, ambayo haihesabiwi kama prinsipo, yaani ufaulu kamili wa somo. E, ambayo ndiyo prinsipo ya chini kabisa, inaanzia 40. Na mtihani wenyewe si ule aliouzoea, maana Fizikia ya kidato cha tano inaanza pale ya kidato cha nne ilipoishia, tena inakimbia. Udaktari wa binadamu kwa njia ya kidato cha sita unadai prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Biolojia, zote zikiwepo. Ukiwa na mbili nzuri na ya tatu imeanguka, mlango haufunguki hata uende na barua ya nani.

Utaniambia D si F, fomu haimkatai. Kweli. Utaniambia utamlipia tuisheni. Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma wakati huo, katika shule ambayo sitaitaja, wazazi wakipanga foleni mlangoni kwangu niwashauri kombi za watoto wao. Kijana wangu wa kwanza alikuwa na D ya Fizikia kama ya binti yako. Nikampeleka PCB. Mimi huyu huyu niliyekuwa nawaambia wenzangu wasome karatasi. Likizo zote alikuwa tuisheni, na nikimkuta usiku kalala juu ya daftari nilikuwa namwamsha. Matokeo ya kidato cha sita yakatoka Julai: Biolojia D, Kemia E, Fizikia F. Siku hiyo hakurudi nyumbani. Nilimkuta jioni kivuko cha Kamanga, kakaa ukutani anaangalia magari yanavyoshuka, na nilipokaa pembeni yake akasogea kunipa nafasi, hakusema neno. Mwaka uleule akaomba diploma ya utabibu, na cheti kilichomwingiza ni kile cha kidato cha nne, na D yake ile ile. Leo ni tabibu katika kituo cha afya kisiwani, na watu wa kule wanamwita dokta. Miaka miwili ile nilimpotezea mimi.

Ndiyo maana nataka uelewe vizuri hii njia ya pili, kwa sababu kama ni udaktari hasa mnaoutaka, binti yako anaweza kuuendea leo. Diploma ya utabibu inataka ufaulu wa D angalau katika masomo manne, Kemia, Biolojia na Fizikia zikiwemo. Anazo. Ni miaka mitatu, na akimaliza na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada ya udaktari, ambayo ni miaka mitano darasani na mmoja wa mazoezi hospitalini. Safari ni ndefu, sikufichi. Lakini kila kituo anachofika ana kazi mkononi, tofauti na yule anayetoka kidato cha sita na F.

Sasa tuje kwa yale anayoyataka mwenyewe, ambayo wewe umeyaandika kwa mstari mmoja tu, tena kwa hasira.

CBG ni Kemia, Biolojia na Jiografia. Kwa karatasi yake ni C, C na B, kombi iliyokaa juu ya masomo anayoyaweza. Hesabu hataziepuka, kuna BAM humo, yaani hisabati ya msingi, na kwa D yake aanze kujinoa mapema. Na nikuambie wazi ili usije ukanilaumu baadaye: CBG haina Fizikia, kwa hiyo akiipita njia hiyo, udaktari wa binadamu kwa cheti cha kidato cha sita autoe akilini. Anachobaki nacho ni kilimo, lishe, mazingira, na hao samaki. Sokoine kuna shahada ya ufugaji wa viumbe wa majini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana ya sayansi za majini na uvuvi. Na kama hataki kwenda mbali, chuo cha uvuvi cha FETA kiko Nyegezi, daladala tu kutoka kwako.

Unasema hutaki awaguse samaki. Baba, masika iliyopita ulitupa magunia mangapi? Nyote mwaloni mnajua mvua ikinyesha siku tatu mfululizo dagaa waliotandazwa mchangani wanakwenda wapi: wanakuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kulia. Wanaosomea uvuvi wanafundishwa hilo hilo, namna ya kukausha na kuhifadhi samaki asiharibike, na pia vile vizimba vya sato mnavyoviona vinaelea, vinavyotaka mtu anayejua maji, chakula na magonjwa. Mtoto aliyekulia kwenye mzani wako kaona tatizo kabla hajafika darasani. Mimi sioni kwamba anarudi ulikotoka.

Nimbadilishie, umeuliza. Usimbadilishie. Dirisha la Selform linafunguliwa ili mwanafunzi aangalie upya chaguo lake baada ya kuona matokeo, na mwenye chaguo ni yeye. Najua namba yake ya mtihani unayo. Ukiingia kimya kimya utakuwa umefanya kile kile ulichomlaumia. Sasa hivi ni mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haitoki, biashara imelala. Kaa naye jioni moja, yeye ashike karatasi, akueleze kila somo alilipataje. Fizikia muulize mwisho.

Na mwambie aangalie pia kombi nyingine. Tangu 2024 zimefika 65, zamani zilikuwa 16. Ila si kila shule inazo zote, kwa hiyo asishangae akichagua ya nadra akapangiwa mkoa wa mbali.

*Mwalimu, nimemaliza kidato cha sita HGL. Nimepata D ya Historia, E ya Jiografia na E ya Kiingereza. Rafiki yangu anasema prinsipo tatu zinatosha kabisa chuo kikuu. Mbona nimekosa?*
*Msomaji, Nansio*

Rafiki yako kahesabu prinsipo, hakuhesabu pointi. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. D ni 2, E ni 1. Mbili zako bora zinakupa 3, na hiyo E ya tatu haiongezi kitu. Umekosa kwa pointi moja, inauma, lakini kwa diploma unafaa bila shida, na ukimaliza na GPA ya 3.0 utaomba shahada ukiwa na sifa kamili. Pia Chuo Kikuu Huria wana programu ya msingi kwa watu kama wewe, na kituo chao kipo hapa Mwanza. Ukivuka na meli, pita uwaulize mwenyewe. Usiwatumie madalali wa udahili wanaozunguka stendi.

*Mwanangu ana C tatu: Kiswahili, Uraia na Bible Knowledge. Si ndiyo krediti tatu za kidato cha tano?*
*Mama, Igoma*

Hapana, mama. Krediti tatu zinazotakiwa hazihesabu somo la dini, kwa hiyo anazo mbili. Orodha ya vyuo vya kati inatolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Aanzie huko wiki hii, nafasi za muhula wa kwanza hazingoji.