Cubs hawakupunjwa kwa Chapman

Wapo wanaosema Chicago Cubs, timu ya besiboli ya Marekani, walipunjwa walipompeleka chipukizi Gleyber Torres timu ya Yankees Julai 2016 ili wampate mrushaji Aroldis Chapman. Hapana, hawakupunjwa. Ni kweli mkataba wa Chapman ulikuwa unaisha msimu uleule na akarudi zake Yankees, na Torres akaja kuchaguliwa mechi ya nyota 2018 na 2019. Lakini Cubs walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1908, na mwaka ule wakauchukua! Gharama ya kujenga timu walishailipa: 2012 walipoteza mechi 101 huku wakikusanya chipukizi. Isitoshe, nafasi ya Torres uwanjani ilikuwa na Addison Russell, naye alikuwa na miaka 22 tu. Chipukizi wa ziada namna hiyo ndiye wa kumtoa, tena mwaka ambao kombe liko karibu.

Biashara ya kulaumu, kwa maoni yangu, ni ya Julai 2017. Waliwatoa chipukizi Eloy Jiménez na Dylan Cease kwa White Sox, timu nyingine ya Chicago, wakampata mrushaji José Quintana, ubingwa haukurudi, na Julai 2021 wakawauza nyota wao wa 2016, Rizzo, Báez na Bryant.