Maswali ya Wasomaji: Orodha Inayokwama Unapoiskroli

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetengeneza komponenti (kipande cha ukurasa) ya React, maktaba ya JavaScript, inayoonyesha orodha ya jumbe ndani ya kisanduku chenye kimo maalumu, na mtumiaji akifika chini hupakiwa jumbe nyingine. Kwenye kompyuta inakwenda vizuri, lakini kwenye simu inakwama-kwama, na mara nyingine mtumiaji hufika mwisho kabisa pasipo chochote kupakiwa. Nilipomhamishia msikilizaji wa tukio la kuskroli (msimbo unaoitwa kila tukio hilo linapotokea) kwenye dirisha la kivinjari (window), hakusikia lolote. Nirekebishe nini?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na la dirisha, ambalo ni jepesi. Tukio la kuskroli likitokea ndani ya kisanduku halipandi kwenda kwa wazazi wake, hivyo msikilizaji wa kawaida aliyekaa kwenye dirisha hawezi kulipata. React ilikuwa ikiliruhusu lipande ndani ya mfumo wake, ikaacha kuanzia toleo la 17 la mwaka 2020. Masomo ya zamani yanaweza kukupoteza hapo. Mrudishe msikilizaji kwenye kisanduku.

Kukwama ndiko kunakohitaji kutazamwa kwa makini. Mtu anaposkroli, kivinjari kinaweza kutoa tukio hili katika kila fremu, na kwenye skrini ya herzi 60 fremu moja ina takriban milisekunde 16.7, ambazo msimbo wako, upangaji wa ukurasa na uchoraji wake vyote hugawana. Ikiwa kila tukio linaandika scrollTop (umbali ulioskroliwa) kwenye hali (state) ya komponenti, React italazimika kuipitia orodha tena na tena kwa ajili ya namba ambayo hakuna anayeiona. Iweke namba hiyo kwenye ref (hifadhi ya React ambayo ikibadilika haisababishi komponenti kuchorwa upya), na ubadilishe hali pale tu jibu linapogeuka kutoka «bado» kuwa «amefika». Usisome pia kimo cha kipengele mara tu baada ya kubadilisha mtindo wake, kwa kuwa utakilazimisha kivinjari kupanga ukurasa papo hapo. Wengi hukimbilia chaguo la passive (ahadi kwa kivinjari kwamba msikilizaji hatalizuia tukio), lakini hapa halisaidii kitu: tukio la kuskroli haliwezi kuzuiwa, na chaguo hilo lina maana kwa matukio ya mguso na ya gurudumu la kipanya.

Kuhusu kutopakia, nadhani umelinganisha kwa alama ya usawa. scrollTop inaweza kuwa na desimali, ilhali scrollHeight (kimo cha maudhui yote) na clientHeight (kimo cha sehemu inayoonekana) hukadiriwa kuwa namba kamili, kwa hiyo usawa huo huenda usitokee kamwe. Toa scrollTop na clientHeight kwenye scrollHeight, kisha uliza kama kilichobaki hakizidi pikseli 1.

Hata hivyo, kwa kuwa unachotaka kujua ni kama mwisho umefikiwa tu, mimi ningeacha kabisa kulisikiliza tukio hili na kutumia IntersectionObserver, zana ya kivinjari inayokuarifu kipengele kinapoingia au kutoka katika eneo linaloonekana: weka kipengele kitupu mwishoni mwa orodha, kifanye kisanduku chako kuwa root (eneo la kutazamia), na uipe rootMargin (upanuzi wa eneo hilo) ya pikseli 200 upande wa chini ili upakiaji uanze mapema kidogo. Komponenti inapoondolewa, ita disconnect ili kusitisha utazamaji. Jihadhari na jambo moja: jumbe mpya zikiwa chache na kipengele kile kikabaki kinaonekana, hutaarifiwa tena, kwa sababu hakuna kilichobadilika; kwa hiyo kila upakiaji ukikamilika, acha kukitazama kisha uanze kukitazama upya.