Kabla ya Kuilaumu Kamera, Itazame Bahari

Juzi nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Tanga ambaye, kama wengi wenu mnaonisoma, anataka kuishi kwa kupiga picha za nyuzi 360, yaani zinazoonyesha pande zote kwa mara moja, kwa ajili ya hoteli, nyumba za kupangisha na makumbusho. Aliambatisha picha ya sebule ambayo kochi lake lina mikono mitatu na pangaboi lina mapanga mawili na nusu. “Shikamoo kaka,” aliandika, “kamera yangu imeharibika lenzi, nakusudia kuiuza ninunue nyingine. Unanishauri nichukue ipi?” Nilimjibu kwamba asiuze kitu kwanza, kisha nikakaa kimya kwa muda, kwa sababu swali lake ni lilelile nililojiuliza mwenyewe miaka mitatu iliyopita, na jibu nililojipa wakati ule liliniingiza katika hasara ambayo mpaka leo ikitajwa nabadilisha mazungumzo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nyumba moja ya wageni ndani ya Mji Mkongwe, Unguja, na mwenye nyumba alikuwa bibi wa makamo ambaye alirithi jengo lile pamoja na mlango wake. Nasema pamoja na mlango wake kwa makusudi, kwa sababu mlango ule ndio uliokuwa ukiwaleta wageni: mbao nzito mbili, mfaa, yaani mti wa katikati ya mbao hizo, uliochongwa, misumari ya shaba iliyong’arishwa, mnyororo wa nakshi kwenye miimo, na juu kabisa mstari wa maandishi ya Kiarabu. Kichochoro kilichokuwa mbele yake kilikuwa chembamba kiasi kwamba mtu mwenye baiskeli akipita, wewe unajibanza ukutani. Nikasimamisha kamera katikati ya kichochoro, sentimita 90 hivi kutoka mlangoni, lenzi moja ikitazama upande mmoja wa njia na nyingine ikitazama upande wa pili, maana nilitaka urefu wa kichochoro uonekane vizuri. Nilijiona fundi kweli siku ile.

Nilipompelekea picha, bibi aliishika simu, akaikaribisha machoni, akaisogeza mbali, akaikaribisha tena. “Mwanangu,” akaniuliza, “mlango wangu umevunjika lini?” Mfaa ulikuwa umekuwa miwili, mmoja umesimama sawa na mwingine umeegemea ubavuni mwake kama kivuli, na mnyororo wa nakshi ulikuwa na pete zilizokatwa nusu. Hayo angeyastahimili. Lakini pale mshono wa picha, yaani mstari ambapo picha za lenzi mbili huunganishwa, ulipopanda mpaka kwenye maandishi, herufi moja ilikuwa imemezwa kabisa na nyingine imebaki mkia, na maandishi hayo si mapambo kwake. Hakunifokea. Alinilipa nusu, akaniaga kwa heshima, nami nikateremka zile ngazi nikiwa nimeamini jambo moja tu, kwamba kamera imeniaibisha.

Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipoanza, na ndilo ninalotaka kijana wa Tanga alikwepe. Nilipanda boti nikavuka hadi Dar es Salaam, nikamtafuta fundi mmoja, nikamwambia lenzi zimepishana. Fundi yeyote ukimpelekea ugonjwa ulioutaja mwenyewe atakutibu ugonjwa huo. Aliifungua kamera, akaigusa alipoigusa, akaifunga, akachukua fedha yake. Niliporudi nikapiga picha ya kwanza, si mlango tu uliokuwa umekatika, bali hata minara na minazi ya mbali ilikuwa imepanda ngazi. Nilikuwa nimekwenda na kamera nzima, nikarudi na kamera mbovu.

Nieleze sasa kilichokuwa kimetokea, kwa sababu nilitumia miezi kadhaa kukielewa na ningependa wewe utumie dakika chache. Kamera ya lenzi mbili ni macho mawili yaliyopeana mgongo, na kila moja huona zaidi ya nusu ya dunia, yaani zaidi ya nyuzi 180, ili kingo za picha hizo mbili zipandiane na programu ipate mahali pa kushonea. Tatizo ni kwamba macho hayo mawili hayawezi kukaa mahali pamoja. Kampuni ya Ricoh ya Japani ilipotoa kamera yake ya Theta mwaka 2013, wahandisi wake walitumia prizimu kuupinda mwanga ndani ya kamera ili lenzi zikaribiane kadiri iwezekanavyo. Umbali ulipungua sana, lakini haukuisha. Kitu kilicho ubavuni mwa kamera huonwa na lenzi zote mbili kutoka sehemu mbili tofauti, na kadiri kinavyokaribia ndivyo lenzi hizo zinavyogombana kuhusu mahali kilipo.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme lenzi zimeachana kwa sentimita 3, na picha yako iliyokamilika ina upana wa pikseli 5760, ambazo ukizigawa kwa nyuzi 360 unapata pikseli 16 kwa kila nyuzi moja. Kitu kilicho mita 10 ubavuni kitapishana kwa pikseli 3 hivi, na hakuna mteja atakayeziona. Ukuta ulio mita 1.4 utapishana kwa pikseli 20. Mlango wangu, kwa sentimita zake 90, ulikuwa na tofauti ya pikseli 30, na programu ilipojaribu kuziba pengo hilo ndipo ilipoila ile herufi. Hapo hapakuwa na lenzi iliyoharibika. Palikuwa na mpiga picha aliyekigeuzia ubavu wa kamera kitu cha thamani kuliko vyote vilivyokuwapo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tanga, kabla ya kuuza kamera nenda baharini. Mimi nilikwenda Forodhani alfajiri moja, nikaisimamisha kamera kwenye ukingo wa bustani, nikageuza ubavu wake mwembamba, si lenzi, uelekee maji, nikapiga. Mstari wa upeo wa macho ndio rula bora kuliko zote kwa kazi hii, kwa sababu uko mbali kiasi kwamba umbali kati ya lenzi hauna maana tena. Upeo ukipita kwenye mshono bila kuruka, lenzi zako zimekaa sawa na kosa ni la karibu, yaani ni la mahali ulipoiweka kamera. Upeo ukikatika, upande mmoja juu na mwingine chini, basi kweli kuna kilichohama: kamera ilianguka, au umevalisha kinga za lenzi bila kuiambia programu, au vipimo vya kiwandani vimepotoka. Angalia tu usichanganye kukatika na kuyumba, kwa maana upeo uliopinda kama wimbi bila kukatika ni dalili ya kamera iliyoinama, nalo ni jambo la kusawazisha katika programu.

Upeo wangu, baada ya yule fundi, ulikatika. Nilikwenda kwenye mipangilio ya programu ya kamera, nikaendesha usawazishaji mpya wa lenzi mahali pa wazi pasipo na kitu cha karibu, nikaurudia mara tatu. Ulirudi kwa sehemu kubwa, ila upande mmoja una jino dogo mpaka leo, na ndiyo sababu kamera ile sasa naitumia kwa mazoezi tu.

Kuhusu kinga za lenzi niseme neno moja zaidi, kwa kuwa ndizo zinazowaponza wengi. Kioo chochote unachokiweka mbele ya lenzi huupinda mwanga kidogo, na programu hukata picha kwa vipimo vya lenzi tupu mpaka uiambie vinginevyo. Ukivalisha, chagua aina ya kinga kwenye mipangilio, ukivua, rudisha. Nimeshaona mtu akirudia kazi ya siku nzima kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Sasa turudi vyumbani, kwa sababu huko ndiko riziki yetu iliko. Nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa dari za boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vingi ni virefu lakini havizidi mita 3 hivi kwa upana. Ukiiweka kamera katikati, kuta zote mbili ziko mita moja na nusu hivi au chini yake. Silika ya mpiga picha ni kuelekeza lenzi kwenye urefu wa chumba, na silika hiyo ndiyo inayokupotosha. Elekeza lenzi kwenye kuta za karibu. Mshono utalala kwenye urefu wa chumba, ambako ukuta uko mbali, na kuta za karibu pamoja na makabati, milango na zidaka zake zitakuwa katikati ya lenzi, ambako hakuna ubishi. Vichochoroni ni vivyo hivyo. Kitu cha thamani kipe uso, kipe ubavu kitu cha mbali. Nimeyasema haya kwa watu wengi, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakaigeuza kamera kuelekea urefu wa chumba kama kawaida yao.

Dari itabaki kukusumbua, kwa maana kamera ikisimama wima mshono hupita darini na sakafuni hata ukiigeuza vipi. Programu nyingi za sasa zina njia mbili za kushona: moja hukata kwa vipimo vilivyowekwa, nyingine hutazama kingo zote mbili na kuvuta pikseli mpaka zifanane. Njia ya pili ni nzuri kwa watu na miti, lakini ikikutana na vitu vinavyojirudia, kama boriti, vigae au nondo za dirisha, huishika boriti ya tatu ikaishona na ya nne, ukapata dari inayoyeyuka. Jaribu zote mbili kwa kila picha, usiamini moja kwa mazoea. Pale ambapo zote zimeshindwa, mimi hupiga mara mbili, ya pili nikiwa nimeizungusha kamera nyuzi 90 juu ya stendi ileile, kisha nazipeleka picha za lenzi zote nne kwenye Hugin, programu ya bure, nikaficha kingo nisizozitaka na kuupitisha mshono kwenye chokaa tupu. Ni kazi ya saa nzima kwa picha moja. Anayetaka wepesi hapa amekosea fani.

Mwanga nao hutengeneza mshono hata kama maumbo yamelingana. Jua likitazama lenzi moja iliyopakwa jasho la kidole au chumvi ya upepo wa bahari, nusu ya picha huwa na ukungu na nusu huwa safi, na mstari kati yake huonekana kama ukuta. Futa lenzi zote mbili kila unapohama, funga mizani ya rangi badala ya kuiacha ijiamulie, na usiliweke jua kwenye ubavu wa kamera, kwa sababu mwako wake utaingia kwenye kingo zote mbili na kuishia katikati ya anga kama kitambaa kilichochanika. Na wale mnaohamisha video kwa mkono kutoka kwenye kadi, kumbukeni kwamba baadhi ya kamera huandika faili mbili kwa video moja, faili kwa kila lenzi; ukibadili jina la moja, programu haitajua kuwa ni pacha.

Chini ya maji sitakaa sana. Maji hupinda mwanga kuliko hewa, upana wa kile ambacho lenzi huona hupungua, na ule ukingo wa ziada wa kushonea hupotea; hutafanikiwa bila kasha la kuzamia lililotengenezwa kwa kamera yako na mpangilio wake kwenye programu.

Kijana wa Tanga alikwenda Raskazone kama nilivyomwambia, akanitumia picha: upeo wake umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kamera yake ni nzima, kochi ndilo lililogeuziwa ubavu. Ninakiri nilimwonea wivu kidogo, kwa kuwa yeye amelijua hili bila kulipa, na ninakiri pia kwamba baada ya ujumbe wake sikuweza kutulia mpaka nirudi kule kichochoroni.

Nilibisha hodi wiki iliyopita. Bibi alinikumbuka, hakucheka, ila alinikaribisha. Nikamwomba ruhusa ya kuupiga mlango tena bila malipo, nikaisimamisha kamera palepale, sentimita zilezile 90, safari hii lenzi moja ikiutazama mlango uso kwa uso na mshono ukielekea kwenye ncha mbili za kichochoro. Nikamwonyesha papo hapo. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanzia kulia na kuifuata kila herufi kwa ncha ya kidole, midomo ikisogea bila sauti, mpaka akafika mwisho wa mstari. Akanirudishia simu.

“Haya,” akasema, “kesho njoo upige na ukumbi.”