Maswali ya Wasomaji: Muziki wa Biti 24 kwa Bajeti Ndogo

SWALI: Huduma ninayoitumia kusikilizia muziki imeanza kutoa nyimbo za biti 24 na kilohezi 192. Muuzaji mmoja ameniambia kwamba sitapata faida yake mpaka ninunue kigeuzi cha sauti (kifaa kinachobadili namba za faili la muziki kuwa mawimbi ya sauti), amplifaya na spika mpya kwa pamoja. Fedha nilizo nazo ni kidogo. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na spika, au hedifoni ikiwa unasikiliza peke yako, vingine vinaweza kusubiri, na baadhi huenda usivihitaji kamwe.

Namba hizo mbili hazina uzito ambao matangazo huzipa. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huhifadhi sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde (kilohezi 44.1; faili la kilohezi 192 huhifadhi 192,000), na kihesabu sampuli hizo zinatosha kurejesha masafa yote ya sauti (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yaliyo chini ya nusu ya idadi hiyo, yaani takriban kilohezi 22, ilhali sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu na kilohezi 20 na hupungukiwa kadiri umri unavyosonga. Ile michoro inayoonyesha sauti ya CD ikiwa na ngazi ngazi, na ile ya kilohezi 192 ikiwa laini, inapotosha, kwa kuwa kigeuzi hutoa wimbi laini katika hali zote mbili. Biti, kwa upande wake, huamua umbali kati ya sauti hafifu kabisa na ile kubwa kabisa: biti 16 hutoa desibeli 96 hivi, biti 24 hutoa 144 kinadharia, na sebuleni, penye feni, jokofu na watu, hizo za kwanza tayari ni nyingi. Biti 24 zina manufaa makubwa studioni, ambako fundi huhitaji nafasi ya ziada wakati wa kurekodi na kuchanganya.

Je, kuna anayeisikia tofauti? Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji, kwa sauti ya kiasi cha kawaida, walishindwa kutambua ni lini muziki wa kiwango cha juu ulishushwa hadi kiwango cha CD. Uchambuzi wa mtafiti Joshua Reiss wa mwaka 2016, uliokusanya majaribio mengi, ulikuta wasikilizaji wakipatia kwa asilimia 52 hivi, mahali ambapo kubahatisha kungewapa 50, ingawa waliopewa mafunzo walifanya vizuri zaidi. Tofauti ya namna hiyo sioni sababu ya kuikopea fedha.

Spika ni habari nyingine, kwani spika mbili za bei moja zinaweza kuufanya wimbo uleule usikike kama nyimbo mbili. Kwa bajeti ndogo napendelea spika zenye amplifaya ndani yake, kwa sababu hukuondolea ununuzi mmoja. Ukinunua zilizotumika, kagua sponji au mpira unaozunguka koni (sehemu ya spika inayotetemeka), maana sponji huoza kwa miaka hata kama spika haikutumika sana. Kisha ziweke vizuri, jambo ambalo halina gharama: zitenge kidogo na ukuta ili besi isivume, zile koni ndogo za sauti nyembamba ziwe usawa wa masikio, na umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali kutoka kila moja hadi unapoketi.

Kigeuzi cha nje kinunue ikiwa kompyuta yako inatoa kelele za mkwaruzo, au simu haina tundu la hedifoni. Hedifoni za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 250 au 300 huhitaji pia amplifaya yenye nguvu kuliko ya simu.

SWALI: Nikisikiliza nyimbo hizo kwa Bluetooth, ubora wake unabaki ulivyo?

JIBU: Haubaki. CD ambayo haijabanwa hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, na hata LDAC, mojawapo ya mifumo ya Bluetooth yenye uwezo mkubwa, haivuki 990, hivyo faili la kilohezi 192 hupunguzwa kabla ya kufika masikioni. Kwa matumizi ya kila siku matokeo yake ni mazuri; usilipie tu huduma ya juu kwa ajili ya hedifoni zisizo na waya.