Kura ya Mei, mlango hufungwa Januari

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kutoka pande za Torrevieja. Ni mtu wa Tanga, pasipoti yake ya Uingereza, na yeye na mumewe walihamia Uhispania baada ya kufanya kazi Birmingham miaka mingi. Aliniamkia vizuri, kisha akauliza: "Bi mkubwa, kitambulisho cha ukazi ninacho, kodi ya nyumba nalipa, ada ya taka nalipa, na mtaani kila mtu ananijua. Kura ya madiwani si itakuja yenyewe?"

Nilisoma, nikaiweka simu kando. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa uhakika ule ule alionao yeye. Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja, lakini najua wako wengi kama yeye, watu wa Mombasa, wa Unguja, wa Lamu, wenye pasipoti ya Uingereza na nyumba Uhispania, ambao wangependa kuwa watu kamili wa mji wanaoishi. Basi naandika kwa urefu, tena naandika jambo ambalo bado linaniuma.

Jumapili tarehe 28 Mei 2023 niliamka alfajiri, nikaswali, nikapiga pasi gauni langu la Idi. Uchaguzi wa mabaraza ya miji hapa Uhispania hufanyika kila baada ya miaka minne, Jumapili ya nne ya Mei, na vituo hufunguliwa saa tatu asubuhi. Saa tatu kasorobo nilikuwa nimeshasimama nje ya shule ya msingi ya mtaa wetu, kitambulisho mkononi. Mbele yangu walikuwa mume na mke kutoka Norway, majirani zangu wa ghorofa ya chini. Walipiga kura yao wakaniachia nafasi.

Mezani walikaa watu watatu, wakazi wa kawaida, maana huku wasimamizi wa meza hupatikana kwa bahati nasibu. Kijana wa katikati akaiweka rula kwenye orodha, akaishusha polepole. Akarudi juu, akashuka tena. Akaniomba kitambulisho mara ya pili, akasoma jina herufi kwa herufi, akamwita mwenzake. Nyuma yangu foleni ilikuwa imenyamaza. Mwisho akainua macho na kuniambia kwa upole kabisa kwamba simo.

Nilimwambia lazima nimo. Nilimwambia mwaka 2019 nilipiga kura shule hiyo hiyo, pengine meza hiyo hiyo. Sauti yangu ilipanda, na mimi si mtu wa kupandisha sauti. Nimefanya kazi ya uuguzi Leicester miaka ishirini na mbili, nimekaa na wagonjwa na jamaa zao usiku wa manane, na nilijifunza kusema taratibu hata pale ninapotaka kulia. Asubuhi ile sikuweza. Nilitoka na gauni langu la Idi, nikakaa kwenye benchi ya watoto uani hadi miguu iliponirudia.

Nirudi nyuma kidogo. Nilitua Uingereza mwaka 1990. Nilipochukua uraia wa huko, Kenya bado ilikuwa hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo nikaupoteza ule wa kuzaliwa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyonifungulia njia ya kuuomba tena. Mwaka 2012 mimi na marehemu mume wangu tuliuza nyumba, tukaja kusini ya Alicante kwa sababu ya jua na kifua chake. Uchaguzi wa 2015 ulitupita, nakiri hatukujali. Wa 2019 tulipiga, yeye na mimi, tena kwa wepesi: wakati huo Mwingereza alikuwa raia wa Umoja wa Ulaya, na raia wa Umoja wa Ulaya akishatamka mara moja kwamba anataka kupigia kura hapa, tamko lake hubaki. Tulisaini karatasi, basi.

Kisha Uingereza ikajitoa tarehe 31 Januari 2020, na lile tamko la zamani likakosa nguvu kwetu. Mimi sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba nchi hizi mbili zilikuwa zimetia saini mkataba mjini Madrid, Januari 2019, kulinda kura ya Mwingereza huku na ya Mhispania kule, nikapumua. Sikusoma mkataba unataka nini. Unataka uwe umeishi kihalali miaka mitatu mfululizo, uwe umeandikishwa katika mji wako, na utamke upya nia yako ya kupiga kura kabla ya kila uchaguzi. Kila uchaguzi, narudia. Kwa ule wa Mei 2023, dirisha la kutamka lilifunguliwa tarehe 1 Desemba 2022 na kufungwa tarehe 15 Januari 2023. Aprili orodha zilipowekwa wazi watu wakague majina yao, aliyekuwa hakutamka ndani ya dirisha hakuwa tena na la kufanya.

Na barua ilitumwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Ofisi ya orodha ya wapiga kura iliwaandikia wageni waliotimiza masharti, ikiwaeleza namna ya kutamka. Yangu ilikwenda kwenye nyumba yetu ya zamani. Mume wangu alipofariki nilihamia fleti ndogo, mtaa wa tatu kutoka pale, nikabadilisha anwani benki, umeme, na kwa daktari. Barazani sikwenda. Mwenye nyumba mpya alinikabidhi barua ile mwezi wa Juni, ikiwa na bahasha za matangazo ya miwani, akaniomba radhi kama kwamba kosa lilikuwa lake.

Kwa nini mama wa miaka sitini na kitu alie kwa ajili ya kura ya madiwani? Wengine mtasema ni taa za barabarani na vyombo vya taka tu. Acheni niwaeleze.

Mume wangu alifariki Aprili 2020, katikati ya korona. Mtakumbuka siku zile: mazishi yaliruhusiwa watu watatu tu. Makaburi ya mji wetu hayana sehemu ya Waislamu. Miaka yote jamaa wa Moroko, ambao ndio wengi katika Waislamu wa hapa, walikuwa wakisafirisha maiti zao kwenda kuzika kwao, lakini mipaka ilikuwa imefungwa na nafasi chache zilizokuwapo mikoani zikajaa haraka. Tulimzika katika mji mwingine, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari, mimi na wanangu wawili, bila hata mtu wa kutubebea jeneza. Baadaye nikakaa eda yangu miezi minne na siku kumi katika nyumba tupu. Hadi leo nikitaka kumzuru lazima nimwombe mtu anipeleke.

Sheria ipo. Sheria nambari 26 ya mwaka 1992, waliyokubaliana serikali na Waislamu wa Uhispania, inatupa haki ya kutengewa sehemu katika makaburi ya manispaa. Lakini sheria ya Madrid haichimbi kaburi. Kipande cha ardhi hutolewa na baraza la mji, na baraza ni madiwani, na madiwani huwekwa na kura. Mji wa wakazi kati ya elfu tano na elfu kumi, kama wetu, una madiwani 13, na hao ndio wanaomchagua meya. Katika mji wa ukubwa huo kura mia chache zinaweza kumpa mtu kiti au kumnyima. Mwaka 2023 orodha moja ya wagombea ilikuwa imekubali mbele yetu kulileta suala la makaburi barazani. Sisemi kura yangu moja ingeleta ardhi. Nasema nilimwahidi marehemu kimoyomoyo kwamba nitaipiga, na sikuipiga.

Niliporudi nyumbani siku ile nilimkuta jirani yangu Mmoroko akifagia ngazi. Ameishi mji huu miaka ishirini na zaidi, amezaa hapa, Kihispania chake ni cha hapa hapa. Nikamweleza yaliyonikuta, nikitaraji anipoze. Akaegemea fagio, akaniuliza: "Kwani wewe ulikuwa na haki?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi sijawahi kuwa nayo." Hakusema zaidi, akaendelea kufagia.

Katiba ya hapa, kifungu cha 13, inamruhusu mgeni kupiga kura ya mji ikiwa tu nchi yake inawapa Wahispania haki kama hiyo, kwa mkataba. Norway wanao, Iceland, New Zealand, Korea Kusini, Trinidad na Tobago, na nchi kadhaa za Amerika ya Kusini kama Colombia, Ecuador na Peru. Afrika ni Cabo Verde peke yake. Moroko hawana, Kenya hatuna, Tanzania hamna. Kwa hiyo mimi mtoto wa Kibokoni, Mombasa, na huyu mama wa Moroko, tunaishi ngazi moja, tunanunua nyanya soko moja, na mimi nina kura kwa sababu ya rangi ya pasipoti niliyopewa Leicester. Haki isiyo sawa namna hiyo, ukiwa nayo, huna ruhusa ya kuichezea. Nilikuwa natazama dari usiku ule na sauti yake inanirudia: kwani wewe ulikuwa na haki?

Wenzangu mlio Ufaransa mnajua uchungu huu kwa sura nyingine. Kule Waingereza walikuwa hata madiwani, mamia yao, na baada ya kujitoa wakapoteza viti na kura pamoja. Ureno, Luxembourg na Poland walifanya mkataba kama wa hapa. Walioko Ireland wana raha zaidi, maana Mwingereza pale hupiga hata kura ya wabunge. Lakini sisi wa Uhispania tumeachiwa mlango mmoja, nao una saa zake.

Sasa sikilizeni. Madaftari ni mawili, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. La kwanza ni daftari la wakazi, wenyewe wanaliita padrón, unaandikishwa barazani kwa kupeleka pasipoti au kitambulisho cha ukazi pamoja na hati ya nyumba au mkataba wa kupanga. La pili ni orodha ya wapiga kura. Mhispania akiwa katika la kwanza huingia la pili bila kuomba. Wewe huingii. Wewe lazima useme kwa karatasi au kwa intaneti, ndani ya dirisha, kwamba unataka. Kulipa kodi si kusema. Kujulikana na mwuza samaki si kusema. Kupiga kura 2019 si kusema.

Na padrón lenyewe msilidharau. Fedha ambazo mji hupata kutoka serikali kuu huhesabiwa kwa idadi ya walioandikishwa, na hata idadi ya madiwani hutokana na hesabu hiyo. Wako Waswahili wenzetu wanaoishi hapa miezi kumi kwa mwaka na hawajaandikishwa popote, wanaogopa serikali itajua mambo yao. Kisha wanalalamika zahanati imejaa. Mtu asiyehesabiwa atapangiwaje daktari? Tuliacha kwetu, tukaenda Ulaya, tukahangaika na makaratasi ya viza na uraia miaka na miaka bila kuchoka. Tunafika mahali ambapo karatasi mbili tu zinatufanya wenyeji, tunaona uvivu. Sielewi, na nasema hivyo nikiwa mimi ndiye niliyefanya uvivu.

Msiniambie mnayo kura ya Uingereza. Hata mimi ninayo. Tangu Januari 2024 ile kanuni ya kumkatia kura aliyeishi nje zaidi ya miaka 15 imeondolewa, na ni jambo jema. Lakini mbunge wa Leicester hatanigawia ardhi ya makaburi hapa. Kenya nayo, Agosti 2022, ilifungua vituo vya kura ya rais katika nchi kumi na mbili za nje, na Uhispania haikuwamo. Mahali ninapolala ndipo hapa. Kura ya hapa ndiyo inayogusa barabara ninayokanyaga.

Siku ya kura yenyewe ni nyepesi. Unachagua orodha nzima ya chama, si mtu mmoja mmoja, unatia kwenye bahasha, unatia kwenye sanduku la mji. Likiwapo sanduku jingine la uchaguzi wa jimbo, hilo si letu. Hata kugombea udiwani mkataba unaturuhusu, na natamani siku moja nione jina la mtoto wetu kwenye orodha.

Dadangu wa Tanga, jibu lako ni kwamba haitakuja yenyewe. Uchaguzi ujao ni Jumapili tarehe 23 Mei 2027. Anza kuuliza barazani Novemba 2026 dirisha linafunguliwa lini, usingoje barua, na siku litakapofunguliwa nenda siku hiyo hiyo. Lakini kabla ya hapo, wiki hii, nenda ukachukue cheti cha padrón. Mimi nilikwenda Alhamisi kuchukua changu. Ukifika usiulize tu kama umo, mwombe karani akuchapie karatasi, kisha usome anwani yako, mtaa, nambari, ghorofa na mlango, ukiwa bado umesimama pale dirishani.