Nyama Ilisingiziwa: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Maambukizi

Swali: Tulikula pamoja kwenye sherehe, na kufikia kesho yake wengi walikuwa wanaharisha na kutapika. Karibu kila aliyeugua alikuwa amekula nyama, basi lawama zote zikaangukia nyama. Maofisa wa afya walipokuja wakatuhoji hata sisi tuliokuwa wazima, na mwishowe wakasema chanzo ni saladi. Wamejuaje?

Jibu: Wamejua kwa sababu yenu ninyi mliobaki wazima. Ukiwahoji wagonjwa peke yao, chakula kilichopendwa na wengi ndicho kitakachoonekana mkosaji kila mara. Tuchukue mfano wa hesabu. Watu 75 wamehojiwa, na 43 kati yao wameugua. Nyama ililiwa na watu 60, wakaugua 35. Kwa hiyo asilimia 81 ya wagonjwa walikula nyama, na hapo ndipo watu huanza kunyoosheana vidole. Sasa tazama wale 15 ambao hawakuigusa nyama: waliugua 8. Kwa walioila, kiwango cha kuugua ni asilimia 58. Kwa wasioila, 53. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, unapata 1.1. Nyama haikuongeza hatari kwa kiasi cha kutajika.

Njoo kwenye saladi. Walioila ni 50, wakaugua 40, sawa na asilimia 80. Wasioila ni 25, wakaugua 3 tu, sawa na asilimia 12. Gawanya tena: 6.7. Aliyekula saladi alikuwa na hatari ya kuugua karibu mara saba ya yule asiyekula.

Na wale watatu waliougua bila kula saladi? Hao huwapo karibu katika kila uchunguzi. Huenda kijiko cha saladi kilitumika kupakua chakula kingine, au mtu amesahau alichokula, au ana ugonjwa mwingine kabisa. Vivyo hivyo wale 10 walioila wakabaki salama: huenda walionja kidogo, au sehemu waliyopakuliwa haikuwa na vimelea vingi. Jibu la uchunguzi halihitaji kila mtu aingie kwenye mstari.

Kabla ya kuhesabu, maofisa hukubaliana nani aitwe mgonjwa. Kwa mfano: mtu aliyekula kwenye sherehe, kisha ndani ya saa 72 akatapika, au akaharisha mara 3 au zaidi kwa siku moja. Bila mpaka huo, mmoja atamhesabu aliyeumwa kichwa na mwingine atamwacha, na hesabu zote zitayumba. Kisha kila mtu huulizwa chakula kimoja baada ya kingine, kwa orodha ile ile. Kumuuliza mtu "unadhani ni kipi kilichokudhuru?" ni kosa kubwa, kwa kuwa akishataja nyama, kumbukumbu yake yote itaanza kuitetea nyama.

Saa nazo husema mengi. Wengi wakitapika ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula, shuku sumu ya bakteria aina ya Stafilokokasi, ambayo mara nyingi hutoka kwenye mikono ya mwandaaji. Sumu hiyo ikishatengenezeka ndani ya chakula, kukipasha moto upya hakuiondoi. Dalili zikianza kati ya saa 12 na 36, na homa ikiwemo, Salmonela, bakteria mwingine wa chakula, huja mbele kwenye orodha ya watuhumiwa. Norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha, huchukua saa 12 hadi 48, kwa hiyo saa peke yake haitoshi kuwatenganisha hawa wawili. Inabidi maabara ipime choo. Sampuli ichukuliwe kabla mgonjwa hajaanza antibiotiki, la sivyo bakteria wanaweza wasiote maabara hata kama walikuwepo.

Tunaomba jambo moja kwa wenye sherehe: msitupe mabaki. Kila mara jiko huwa limeshasuguliwa na sufuria kuoshwa kabla ofisa hajafika, watu wakidhani wanasaidia. Funikeni mabaki, yaandikeni "yasiliwe", yawekeni kwenye friji.

Swali: Kwa nini waliokutana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa siku 21, lakini mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42? Na mbona kwenye UVIKO-19 kupima joto mlangoni hakukuzuia ugonjwa?

Jibu: Dalili za Ebola hujitokeza kati ya siku ya 2 na ya 21 baada ya kuambukizwa. Siku 21 ndizo kikomo. Zinahesabiwa tangu mara ya *mwisho* kukutana na mgonjwa au vitu vyake, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Dada anayemuuguza ndugu yake akaendelea kumgusa hadi siku ya sita, hesabu yake inaanzia siku hiyo ya sita.

Siku 42 ni 21 mara mbili. Zinaanza pale mgonjwa wa mwisho anapopimwa mara mbili na kukutwa hana kirusi, au anapozikwa kwa utaratibu salama. Kuzidisha mara mbili ni kwa ajili ya yule aliyeponyoka orodha: kama yupo mtu aliyeambukizwa kimya kimya, muda huo unatosha ugonjwa ujitokeze kwake. Hata baada ya hapo ufuatiliaji wa karibu huendelea kwa siku 90, maana kirusi kinaweza kubaki kwa miezi mingi ndani ya shahawa za mwanamume aliyepona.

Tofauti na UVIKO-19 iko kwenye saa ya kuambukiza. Mtu mwenye Ebola haambukizi kabla dalili hazijaanza, na huambukiza zaidi kadiri anavyozidiwa. Ukimwona mapema ukamtenga, umekata mnyororo. Wa UVIKO-19 huanza kuambukiza siku mbili hivi kabla ya kuhisi chochote, na wengine hawapati homa kabisa. Kipimajoto hakiwezi kumkamata mtu asiye na joto. Wa surua huambukiza siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baada yake, ndiyo maana mtoto anapotengwa kwa ajili ya upele, wenzake darasani wameshavuta hewa yake.

Swali: Naomba vipimo sahihi vya klorini kwa kusafisha mahali palipomwagika damu. Kila mtu anasema lake.

Jibu: Wanasema tofauti kwa sababu dawa zenyewe zinatofautiana nguvu. Anza kwa kusoma asilimia kwenye chupa, kisha tumia hesabu hii: gawanya nguvu ya dawa kwa nguvu unayoitaka, ondoa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu 1 ya dawa.

Kwa damu tunataka 0.5%. Dawa ya asilimia 5: 5 gawanya kwa 0.5 ni 10, toa 1, inabaki 9. Sehemu 1 ya dawa, sehemu 9 za maji. Dawa ya asilimia 3.5 huhitaji sehemu 6 tu za maji. Aliyezoea "moja kwa tisa" akitumia chupa ya 3.5% anapata 0.35%, naye hana habari. Ukitumia unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 7 hivi kwa lita 1 ya maji zinatosha.

Vaa glavu. Funika damu kwa kitambaa au karatasi ya kufyonza, mimina mchanganyiko juu yake, subiri dakika 10, kisha ondoa vyote na uvitupe kwenye taka za maambukizi. Osha sakafu kwa maji na sabuni, suuza, pitisha klorini tena na uiache ikauke yenyewe. Hatua ya sabuni ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye maana. Damu, matapishi na udongo huila klorini. Juu ya uchafu, nguvu yote huishia kwenye uchafu na vimelea vilivyo chini hubaki hai.

Changanya upya kila siku, weka kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua. Usichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala na kitu chenye amonia, ukiwemo mkojo mwingi, kwa kuwa hutoa gesi inayochoma mapafu. Wala usimpulizie mtu klorini mwilini. Inaumiza macho na ngozi, na haimsaidii aliyekwisha kuvuta au kumeza kimelea. Kwa mikono, sabuni na maji au kitakasa chenye spiriti vinatangulia. Vikikosekana kabisa ndipo hutumika klorini ya 0.05%, yaani sehemu 1 ya ile ya 0.5% kwa sehemu 9 za maji.

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Tunaambiwa tufungue madirisha kwa ajili ya kifua kikuu, lakini hatuambiwi yafunguliwe kiasi gani. Kuna kipimo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kipo, na unaweza kukifanya kwa futi ya kupimia na kalamu.

Tafuta ujazo wa chumba: mita 5 kwa 4 kwa 3 kwenda juu ni mita za ujazo 60. Chumba kikiwa na madirisha pande mbili zinazotazamana, chukua eneo lililo wazi la upande mdogo zaidi, tuseme nusu mita ya mraba. Zidisha 0.65 kwa mwendo wa upepo kwa eneo hilo kwa 3,600. Upepo mwanana wa nusu mita kwa sekunde unakupa mita za ujazo 585 kwa saa. Gawanya kwa 60: hewa ya chumba inabadilika karibu mara 10 kwa saa.

Mgonjwa akishatoka, muda wa kuondoa asilimia 99 ya chembe zilizobaki hewani ni dakika 276 gawanya kwa idadi hiyo. Mara 10 ni dakika 28 hivi; mara 6 ni 46; mara 2 ni 138. Akikaa mgonjwa mwingine mwenye kikohozi chumbani, saa inaanza upya.

Pima kwanza eneo linalofunguka kweli, maana dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu. Dirisha la upande mmoja pekee lisikudanganye, hesabu hii haimo humo. Feni ya dari katika chumba kilichofungwa inakoroga hewa ile ile. Na panga viti ili upepo upite kwako kwanza, uende kwa mgonjwa, utoke nje. Mgonjwa avae barakoa ya kawaida, wewe uvae ya N95, yaani ile inayochuja chembe ndogo za hewani, iliyobana usoni pande zote.

Swali: Kwa nini surua inadai chanjo ya asilimia 95 ya watoto, si 80?

Jibu: Mgonjwa mmoja wa surua, katika jamii isiyo na kinga, huambukiza watu 12 hadi 18. Chukua 15: ili mnyororo ukatike, 14 kati ya hao 15 wawe na kinga, yaani asilimia 93. Na kuchanjwa si sawa na kukingwa. Dozi moja ikitolewa katika umri wa miezi 9 huwakinga watoto kama 85 kati ya 100, kwa hiyo hata ukimchanja kila mtoto mara moja hufiki. Dozi ya pili huwaokota wengi wa wale ambao ya kwanza haikuwashika. Ukifikia asilimia 95 kama wastani wa wilaya nzima, kagua kijiji kimoja kimoja, kwa sababu watoto wasiochanjwa mara nyingi wanaishi mahali pamoja, na wao peke yao wanaitosha surua kuenea.