Kupiga kambi Arabuko-Sokoke

Ndugu, umeuliza kama familia yaweza kulala msituni Arabuko-Sokoke bila kuomba ruhusa, kwa kuwa msitu hauko mbali na Malindi. Haiwezekani. Msitu huo wa takriban kilomita 420 za mraba una ndovu, kwa hiyo ni lazima upitie ofisi ya walinzi iliyoko Gede, ulipie kiingilio pamoja na ada ya kambi, kisha ulale mahali palipotengwa tu. Ukipata mwongoza wageni wa huko, mchukue bila kusita, kwani yeye ndiye ajuaye mahali anapojificha mchana bundi mdogo wa Sokoke, ndege ambaye nje ya msitu huu anajulikana mahali pachache tu, kama vile milima ya Usambara huko Tanzania. Msikate kuni, na maji ya kunywa mbebe ya kutosha kutoka nyumbani. Mimi binafsi nisingewapeleka watoto mwezi wa Mei, mvua ya masika inapoharibu njia. Ama hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, hiyo ni ya matembezi ya mchana, na matumbawe na makombe yake hayaokotwi.